Ala ya Bastola Yenye Kifuniko: Kazi ya Ngozi na Historia ya Mrima

Katika vitu vyote ambavyo vita vimeviacha nyuma yake katika mwambao wa Tanga na Pangani, silaha ndizo zilizozungumzwa zaidi, na vyombo vilivyozibeba ndivyo vilivyosahauliwa. Kwani chuma, hata kikishikwa na kutu, hudumu miaka mingi, ilhali ngozi katika hewa hii ya chumvi na unyevu huota ukungu, hukakamaa, hupasuka, na mwishowe hutupwa jaani na mtu asiyejua kwamba alichokitupa kilikuwa shahidi. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye leo kushona ala ya ngozi ya namna ya kale, yenye kifuniko kinachoteremka juu ya kitako na kufungwa kwa kitufe cha shaba, ili ivishwe bastola ya mfano katika makumbusho au kiunoni mwa mchezaji wa tamthilia ya vita vya 1914, hujikuta ana vielelezo vichache mkononi na maswali mengi kichwani. Kazi yenyewe yaonekana ndogo, maana vifaa vyake ni ngozi, uzi, nta na vipande vichache vya shaba. Lakini maswali ya ngozi ipi, umbo lipi, rangi ipi, na juu ya yote, ala hiyo ilikuwa ya nani, ni maswali yanayogusa historia nzima ya Mrima. Makusudi ya uchambuzi huu ni kuyapima maswali hayo moja baada ya jingine, na hoja itakayoyaunganisha ni hii: ala ya kifuniko ilikuwa chombo cha hifadhi kabla ya kuwa chombo cha vita, na fundi asiyeielewa hikima hiyo atakosea katika kila hatua hata mkono wake uwe stadi namna gani.

Aghalabu ya watu wameijua ala ya bastola kwa njia ya sinema, na ala waliyoiona humo ni ile iliyo wazi juu, inayoning'inia pajani, ambayo mwenye nayo huchomoa silaha kwa kufumba na kufumbua. Ala ya askari wa karne ya kumi na tisa haikuwa hivyo. Rivolva ya Samuel Colt wa Marekani, ambaye hati yake ya uvumbuzi ni ya mwaka 1836, na ambayo umbo lake la 1851 ndilo linaloigwa zaidi na watengenezaji wa bastola za mfano wa siku hizi, haikutumia risasi zilizokamilika ndani ya ganda la shaba. Mwenye kuitumia alitia baruti katika kila tundu la silinda, akashindilia risasi ya duara, kisha akapachika fataki nyuma yake. Silaha ya namna hiyo ilikuwa na maadui watatu, yaani maji, vumbi na mtikisiko. Maji yaliharibu baruti, vumbi liliziba matundu na kuzuia silinda isizunguke, na mtikisiko wa farasi ulizidondosha fataki au kuidondosha bastola yenyewe njiani. Kifuniko kilikuwa jibu la maadui wote watatu kwa pamoja. Wamarekani walioivaa ala ya namna hiyo katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865, waliifunga upande wa kulia huku kitako kikielekea mbele, wakiziba hata ncha ya chini ya ala kwa kipande cha ngozi cha duara. Na sababu inayotajwa mara nyingi kwa kitako kuelekea mbele ni kwamba mkono wa kulia wa mpanda farasi ulikuwa umekwisha pewa upanga, na bastola ikaachiwa mkono wa kushoto.

Risasi za ganda la shaba zilipoenea, hofu ya unyevu ilipungua, wala kifuniko hakikuondoka. Wajerumani walipotoa rivolva yao ya jeshi ya mwaka 1879, na ile fupi zaidi ya mwaka 1883, zote za kipenyo cha milimita 10.6 na zenye nafasi sita za risasi, waliendelea kuzivika ala zenye vifuniko. Na hapo sababu nyingine ilijitokeza, maana bastola hizo hazikuwa na mtambo wa kutolea maganda, hata ikambidi mwenye nayo ayasukume moja moja kwa kijiti cha chuma. Bastola inayochukua muda mrefu hivyo kujazwa upya haihitaji ala ya kuchomolea kwa haraka. Yahitaji ala itakayoiweka safi na salama mpaka saa yake itakapofika. Kwa upande wa Waingereza, mkanda unaoitwa kwa jina la Samuel Browne, ofisa wa jeshi la India aliyepoteza mkono wake wa kushoto vitani mwaka 1858, ulileta ukanda wa pili upitao begani ili uzito wa upanga na bastola usielemee kiuno peke yake. Na ala iliyofuatana na mkanda huo ilikuwa ya ngozi ya hudhurungi, nene, iliyong'arishwa vizuri, na yenye kifuniko. Huko uzuri nao ulikuwa sehemu ya kazi, kwa kuwa ofisa aliitumia bastola yake mara chache, bali ala yake alionekana nayo kila siku, na ngozi iliyopigwa rangi mpaka ikang'aa ilikuwa tangazo la cheo.

Sasa tuirudie Tanga, maana sababu za ng'ambo hazihamii mahali pengine bila kubadilika. Katika nchi za Ulaya na Marekani farasi alikuwa nusu ya maelezo ya umbo la ala. Katika Mrima farasi hakuwa na maisha marefu, kwa kuwa mbung'o waliokuwa katika vichaka vya nyuma ya pwani walimwua kwa nagana, na ofisa aliyetoka Tanga kwenda Korogwe au kutoka Pangani kwenda bara aghalabu alikwenda kwa miguu, au kwa punda na nyumbu, akifuatwa na safu ya wapagazi. Adui mkubwa wa bastola yake, basi, hakuwa mtikisiko wa mbio, bali ni jasho, mvua za masika, miiba ya vichaka, na chumvi inayopeperushwa kutoka baharini. Fundi anayeshona ala kwa ajili ya maonyesho ya historia ya pwani hii afadhali akumbuke kwamba ala ile ile iliyobuniwa kwa ajili ya mpanda farasi ilitumika hapa kwa mwendo wa miguu. Na mikwaruzo ya kweli katika ala kama hiyo hutokea pembeni mwa kifuniko, palipoguswa na miiba na mkono, kuliko nyuma, palipolindwa na kiuno.

Swali lililo zito zaidi ni la mwenyewe: ni nani aliyevaa ala hizi? Mwaka 1888, Emil von Zelewski wa kampuni ya Kijerumani alipopandisha bendera mjini Pangani kwa ujeuri uliowakera watu wa mji na mashekhe wao, Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wa vita vya kumpinga, na upande wa Saadani Bwana Heri akasimama na watu wake. Hermann von Wissmann, aliyetumwa mwaka uliofuata na jeshi lenye askari wa Kisudani walioandikishwa Misri na wa Kishangaan waliotoka Msumbiji, alizitwaa Pangani na Tanga mwezi wa Julai 1889, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Katika vita hivyo ala ya kifuniko ilikuwa upande mmoja tu. Watu wa Mrima walipigana kwa magobore, kwa bunduki zilizonunuliwa kwa wafanyabiashara, kwa panga na majambia. Na aliyekuwa na bastola aliichomeka katika mahazamu yaliyozungushwa kiunoni, mahali pale pale palipokaa jambia. Halafu ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao mataifa yaliyotia saini yalikatazana kwa huo kuingiza silaha za kisasa katika Afrika baina ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, isipokuwa kwa njia zilizodhibitiwa na serikali. Na kutoka hapo rivolva ikawa, kwa sheria, alama ya mtawala na ya mtu aliyepewa ruhusa na mtawala. Askari wa kawaida wa jeshi la Kijerumani alibeba bunduki aina ya Mauser ya 1871, inayopiga risasi moja moja na kutoa moshi mwingi, na risasi zake zilikaa katika beti za ngozi mkandani. Bastola na ala yake zilikuwa za ofisa na msaidizi wake wa Kizungu. Kwa hiyo, tamthilia inayomvika kila askari mweusi rivolva yenye ala ya kifuniko, na maonyesho yanayomvika Abushiri chombo hicho hicho, yote mawili yanapotosha, hata kama mshono ni mzuri na ngozi ni halisi.

Mapigano ya Tanga yenyewe, yaliyoanza Waingereza waliposhuka Raskazone tarehe 2 Novemba 1914 na kumalizika walipoondoka kwa merikebu zao tarehe 5, yanatupa mizani nzuri ya kupimia usahihi. Jenerali Aitken alikuja na watu wapatao elfu nane, aghalabu yao Wahindi, na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akampokea kwa watu wapatao elfu moja, ambao wengi wao walisafirishwa kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Mtu atakayeshona ala ya ofisa wa Kiingereza wa siku hizo atafute umbo la rivolva za Webley zilizotangulia, ambazo mfululizo wake katika jeshi ulianza mwaka 1887. Kwa maana ile ya sita, yenye kasiba ya inchi sita na ambayo bastola za mfano nyingi za leo zimeiiga, haikukubaliwa jeshini mpaka mwezi Mei 1915, na ala iliyokatwa kwa kipimo chake haiwezi kuwa ilikuwapo Raskazone. Mwaka 1916, Waingereza walipoingia Tanga mara ya pili na kuishika, ala hiyo yaweza kuvaliwa bila lawama. Kadhalika kwa Wajerumani: jeshi lao lilikuwa limekwisha pokea bastola ya Luger mwaka 1908, ambayo nayo ina ala ya kifuniko lakini ya umbo jingine kabisa, huku rivolva za kale zikiendelea kutumika mikononi mwa askari wa akiba. Na kuna jambo la tatu, ambalo ni ngawira. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kwamba vitu vilivyoachwa ufukoni vilitosha kuwapa kombania zaidi ya tatu bunduki za kisasa, pamoja na bombomu kumi na sita na risasi laki sita. Na kwa kuwa jeshi lake lilikatiwa njia ya bahari, likawa linavaa na kutumia kila lilichokiteka. Mchanganyiko wa vyombo vya Kiingereza katika miili ya askari wa Kijerumani, basi, ni kosa kabla ya Novemba 1914, na ni kweli tupu baada yake.

Baada ya historia huja kazi, na katika kazi hii mwambao haukuanza na mikono mitupu. Kabla ya Mjerumani kufika, pwani ya Waswahili ilikuwa na mafundi wa ngozi waliosifika, na mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulijulikana kwa viatu, kwa majalada ya misahafu, na kwa kazi ya majambia na panga. Lamu nayo imeendelea kushona makubadhi hata leo. Ala ya jambia au ya kitara, yenye moyo wa mbao na ngozi iliyovutwa juu yake ikiwa na maji na kushonwa kwa nyuma, ilikwisha kumfundisha fundi mambo mawili makubwa ambayo ala ya bastola inayadai: kwamba ngozi yenye maji hufuata umbo la kitu kilichomo ndani yake, na kwamba mshono uwekwe mahali ambapo ncha wala makali hayataufikia. Beti ya risasi na fataki ilimfundisha jambo la tatu, yaani kukata kifuniko kwa kipande kimoja na mgongo wa mfuko, ili kusiwe na bawaba ya kukatika. Kwa hiyo, mtu asemaye kwamba ufundi huu ni wa kigeni asema nusu tu ya ukweli; umbo ni la kigeni, ujuzi una asili humu humu.

Tuingie katika ngozi. Ngozi inayouzwa zaidi katika maduka ya leo, na ambayo viatu vingi vya mtaa wa Ngamiani mjini Tanga hutengenezwa kwayo, ni ile iliyodabaghiwa kwa chumvi za kromu, njia iliyoenea viwandani tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Ni laini, haiogopi maji, ina rangi nyingi, lakini haikubali kufinyangwa. Ukiilowesha na kuibana juu ya bastola, ikikauka hurudi ilivyokuwa, na ala yake hulegea na kukunjamana mithili ya mfuko. Ngozi iifaayo kazi hii ni ile iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, ambayo hunywa maji, hulainika, hupokea umbo, na ikikauka hulishikilia. Mtu aweza kuitambua kwa kuitazama ukingoni ilipokatwa, kwa kuwa ya kromu aghalabu huonyesha mstari wa rangi ya samawati au kijivu katikati, na ya magome huonyesha rangi moja ya hudhurungi toka juu hata chini. Na akitaka uthabiti zaidi, aloweke misumari yenye kutu katika siki kwa siku kadhaa, kisha adondoshe tone moja la maji hayo juu ya kipande cha kujaribia, naye ataona ngozi ya magome ikigeuka nyeusi papo hapo, kwa sababu chuma huungana na dawa ya magome iliyomo ndani yake. Hiyo ndiyo njia ya kale ya kupata rangi nyeusi isiyochujuka.

Wala magome hayo si mageni katika nchi hii. Mikoko ya pwani, na hasa mkoko wenyewe na mkandaa, ina dawa nyingi ya kudabaghia, na magome yake yalikuwa bidhaa iliyopakiwa kwenda ng'ambo tangu zama za Wajerumani. Hutoa ngozi nyekundu yenye ugumu, ndiyo maana wadabaghi huyachanganya na magome mengine. Miwati iliyopandwa katika milima ya Usambara, na baadaye kwa wingi Njombe, hutoa ngozi nyeupe kidogo na nyororo zaidi. Leo mikoko ni misitu ya hifadhi, na mtu hana ruhusa ya kuibambua magome apendavyo. Lakini dawa ya miwati inapatikana kwa njia ya halali, na viwanda vya ngozi vipo Moshi. Ni jambo la kusikitisha kwamba nchi yenye ng'ombe wengi kiasi hiki imekuwa kwa miaka mingi ikiuza ngozi mbichi na kununua mikanda. Na kazi ndogo kama hii humwonyesha mtu upungufu huo waziwazi, pale fundi wa Tanga anapozunguka soko zima asipate kipande cha ngozi ya magome chenye unene wa milimita tatu hadi tatu na nusu, ambao ndio unene unaofaa.

Kabla ya kukata, fundi ahitaji kalibu. Wengi hudhani kwamba lazima bastola yenyewe iwe juu ya meza, na si kweli. Mshona viatu hana haja ya mguu wa mteja ndani ya kiatu, bali kalibu ya mbao, na kalibu ya bastola iliyochongwa kwa mti laini, ikafuata vipimo vya kitu kitakachovikwa, inafaa zaidi, kwa kuwa haishikwi na kutu wala haiogopi maji. Vipimo ndivyo vya kuangaliwa: Colt ya 1851 ina urefu wa sentimita 33 hivi, rivolva ya Kijerumani ya 1879 ina 31, na ile fupi ya 1883 ina 26, na tofauti hizo zatosha kuifanya ala ya moja isifae kabisa kwa nyingine. Fundi na achonge kwanza kasiba, silinda na kitako, akizidisha kidogo mstari wa juu wa shabaha kwa kipande chembamba cha mbao ili shabaha isije ikakwaruza ngozi kila inapochomolewa.

Kiolezo hukatwa kwa karatasi nene. Karatasi huzungushwa kalibu, mkunjo ukiwa upande wa mgongo wa bastola na ukingo ukiwa upande wa kifyatulio. Mahali kingo mbili zinapokutana kwa kubana hutiwa alama, na kutoka alama hiyo huongezwa milimita 12 hadi 15, nusu yake kwa ajili ya unene wa ngozi, ambayo karatasi haina, na nusu kwa ajili ya mshono. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, maana karatasi hudanganya kwa wembamba wake. Kipande cha nyuma huachwa kiendelee juu ya kitako mpaka kiwe kifuniko, na kifuniko hicho kipimwe huku bastola imo ndani, kikiteremka mpaka kufikia usawa wa katikati ya silinda. Kikiwa kifupi kitaacha nyundo wazi, na kikiwa kirefu kupita kiasi kitajikunja pembeni. Ukanda mdogo wa ngozi wenye tundu, unaoshika kitufe cha shaba kilichopigiliwa upande wa mbele, huzuia kifuniko. Na tundu hilo lisiwe la duara peke yake, bali liwe na mkato mdogo juu yake, ili kitufe kipite kwa nguvu kidogo na kisitoke kwa upepo.

Utaratibu wa kushona una hikima yake, na mtu akiugeuza atajuta. Kwanza hupigiliwa kitufe cha shaba na kushonwa kitanzi cha mkanda mgongoni, wakati ngozi ingali bapa; kisha ndipo mkunjo hufungwa na mshono mkubwa kutiwa, na mwisho huingizwa kipande cha duara cha ncha ya chini, kama mtindo wenyewe wakitaka, kikiachiwa tundu dogo la kutolea maji, ambalo katika nchi ya masika si pambo. Mshono wenyewe ni wa sindano mbili na uzi mmoja, ambapo kila tundu lililotobolewa kwa maharazi hupitiwa na sindano kutoka pande zote mbili. Na ubora wake juu ya mshono wa cherehani ni kwamba katika cherehani nyuzi mbili hushikana katikati, na mmoja ukikatika mwingine hufumuka, ilhali katika mshono wa mkono kila tundu lina nyuzi mbili zinazosimama kila mmoja kwa nafsi yake. Matundu yawe umbali wa milimita tatu hadi nne, katika mstari uliokatwa milimita nne au tano toka ukingoni. Uzi uwe wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Kwa kuwa tuko Tanga, mtu atashawishika kutumia katani ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta katika nchi hii mwaka 1893 na ambalo ndilo lililoujenga mji huu, lakini nyuzi za mkonge ni ngumu na zenye ncha, nazo hukatika zinapokunjwa mara nyingi katika tundu jembamba. Kwa kamba hazina mfano, kwa mshono mwembamba hazifai.

Kufinyanga huja baada ya mshono. Ala huloweshwa kwa maji ya vuguvugu mpaka mapovu yakome, kalibu iliyovikwa nailoni huingizwa, kisha fundi hubonyeza kwa vidole na kwa kipande cha pembe laini, akionyesha umbo la silinda na mkingo wa kifyatulio. Asichimbe mno, kwa kuwa ala za kale za kijeshi hazikubana umbo kwa ukali kama zile za siku hizi, na alama kali mno ni ishara ya uigaji. Ikauke kivulini, wala si juani wala si juu ya moto, kwa siku nzima au zaidi katika mwezi wa unyevu. Kingo husuguliwa kwa nta na mti mpaka zing'ae. Rangi hufuata mtindo uliochaguliwa, nyeusi kwa Mmarekani wa 1861, hudhurungi kwa ofisa wa Kiingereza. Mafuta yawe haba, mathalan ya kwato au ya nyonyo, maana ngozi iliyoshiba mafuta hulegea na kuharibu umbo lote lililofinyangwa. Na jambo moja lisilosamehewa katika pwani hii ni kuiacha bastola ya chuma ndani ya ala: dawa ya magome ina uchachu, ngozi hushika unyevu, na shaba huota kutu ya kijani pale inapogusana nayo, hivyo katika makumbusho vitu hivyo viwili viwekwe kando kando, si kimoja ndani ya kingine.

Kuna wanaotaka ala mpya ionekane kuukuu, nao huisugua kwa mchanga, huiloweka katika chai, huichoma pembeni. Yafaa katika tamthilia, ambamo mtazamaji yuko mbali. Katika makumbusho ni hila isiyo na udhuru, kwa sababu mtazamaji hukubali kielelezo pale anapoambiwa kwamba ni kielelezo, wala hana haja ya kudanganywa kwa uchakavu wa bandia. Wapo pia wasemao kwamba kutengeneza leo chombo cha mtu aliyekuja kututawala ni kumheshimu. Hoja hii ina uzito, na jibu lake si kutokutengeneza, bali ni kutengeneza pande zote mbili kwa bidii ile ile: ala ya ofisa ikiwekwa peke yake hugeuka kuwa fahari ya ushindi, lakini ikiwekwa pamoja na mahazamu, jambia na gobore la Mrima, humweleza mtoto wa Pangani kwa nini Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa na maana, na kwa nini silaha ndogo kiunoni mwa mtu mmoja iliweza kuamuru watu mia.

Jambo la mwisho ni la sheria na usalama. Bastola ya mfano isiyopiga risasi humtisha mtu sawa na ile ipigayo, na askari wa doria hana muda wa kuchunguza. Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na mtu yeyote anayenuia kuagiza au kumiliki kielelezo cha bastola, au kukitembeza hadharani katika ala, aende kwanza kituo cha polisi aulize, tena apate jibu kwa maandishi. Kwa mwenye kufanya tamthilia, kalibu ya mbao iliyopakwa rangi inatosha, na kifuniko kikifungwa hakuna mtazamaji atakayejua kilichomo.

Hukumu ya uchambuzi huu, basi, ni kwamba ala ya kifuniko iliyo sahihi hupimwa kwa mambo matatu: kwamba inahifadhi kabla ya kupamba, kwamba ngozi yake ni ya magome na mshono wake ni wa mkono, na kwamba mwaka wake na mwenyewe wake wanajulikana. Wanaosimamia maonyesho katika boma la kale la Tanga, walimu wa michezo ya kuigiza mashuleni, na mafundi viatu wa Ngamiani wanayo yote yahitajiwayo kukamilisha kazi hii isipokuwa mawasiliano baina yao. Na waanze kwa kupima kwa rula kila ala ya kale iliyosalia katika nyumba za watu, waandike unene, urefu, idadi ya mishono na mahali ilipopatikana, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari, na ngozi huwahi kuisha kabla ya vitu vingine vyote.